Pamba na Kaniki: sungura wawili, banda moja, miezi minne

Kuhusu kisa hiki

Kazi yangu ni mifugo, hasa ng'ombe, mbuzi na kuku. Sungura wanaonifikia huwa na tumbo lililojaa gesi au masikio yenye ukurutu, na mara nyingi mwenyewe ananiuliza kama bado wanafaa kuliwa. Sungura wa kufugwa kwa kupendwa tu, mwenye jina, ni mgeni kwangu. Kisa hiki kimetokea katika nyumba moja ya Tabora mjini. Mtaa sitautaja, majina ya sungura nimeyabadilisha, na mama mwenye nyumba ameridhia niandike baada ya kunisikiliza nikimsomea. Nakiandika kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila mtu anapoongeza sungura wa pili: "Waache, watazoeana tu."

Nyumba na wanyama wenyewe

Nyumba ina ua wa ukuta, mwembe mkubwa katikati, na banda la mbao lililoegemea jiko. Ndani ya banda aliishi Pamba, jike jeupe wa mwaka mmoja na miezi kama miwili, aliyenunuliwa kwa ajili ya binti wa nyumba. Kila jioni alifunguliwa akazunguka ua mzima, akasugua kidevu kwenye miguu ya viti, kwenye ndoo, kwenye shina la mwembe. Watu wa nyumba waliona ni kama paka anayejipendekeza. Ukweli ni kwamba chini ya kidevu cha sungura kuna tezi za harufu. Pua zetu hazisikii kitu, lakini za sungura mwenzake zinasoma pale kama kibao: hapa pana mwenyewe.

Januari binti alianza kidato cha kwanza shule ya bweni. Pamba akapoa. Hakukimbia tena mlango ukifunguliwa, alikaa tu chini ya mwembe. Mama akamhurumia. Mwanzoni mwa Juni ndugu mmoja wa Nzega akampa sungura mweusi wa miezi mitano, akamwambia ni jike mwenzake. Mweusi akaja kwa basi ndani ya boksi la sabuni. Tumwite Kaniki.

Usiku wa kwanza

Kaniki alifika saa moja usiku na kutiwa moja kwa moja katika banda la Pamba. Mama anasema mwanzo walinusana, kisha mgeni akampanda mwenyeji mgongoni. Mama akacheka, akadhani michezo, akarudi kusonga ugali.

Aliposikia kishindo akatoka mbio. Wale wawili walikuwa wamejiviringisha wakawa kitu kimoja kinachozunguka, meno na kucha za nyuma, manyoya meupe na meusi yakiruka. Akaingiza mkono, akang'atwa kidole. Mwisho alichomoa ungo ukutani, akaupenyeza katikati yao, akamvuta Kaniki nje kwa kitambaa na kumfunika kwa tenga la kuku mpaka asubuhi. Ungo ule ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya usiku huo, na baadaye tuliufanya kifaa rasmi.

Ujumbe wa sauti ulinifikia alfajiri: "Shikamoo daktari. Hawa wameuana huku."

Nilichokikuta

Hawakuwa wameuana. Kaniki alikuwa na jeraha la meno ubavuni na sikio lililochanika. Pamba alikuwa amevunjika ukucha na kupoteza manyoya ya shingoni. Majeraha tuliyasafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikawaambia wayatazame kila siku. Jipu la sungura halichuruziki usaha kama la mbuzi. Usaha wake ni mzito kama siagi, hivyo uvimbe mdogo unaweza kukaa ndani kimya kimya. Nzi nao hutaga kwenye jeraha lililoachwa wazi.

Mambo mawili mengine yalinifanya niketi chini.

La kwanza, ndani ya masikio ya Kaniki kulikuwa na magamba ya kahawia yaliyopangana kama maganda ya vitunguu. Ule ni ukurutu wa masikio, unasababishwa na utitiri, unaambukiza, na hata dakika zile chache pamoja zingeweza kutosha kumpa Pamba. Mgeni yeyote alipaswa kukaa peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kumkaribia mwenyeji.

La pili, nilimgeuza Kaniki chali, nikabonyeza taratibu pembeni mwa sehemu ya siri. Kwa jike hujitokeza mfano wa ufa mrefu kuelekea kwenye mkundu. Kwa dume hutoka kijibomba chenye tundu la duara. Kikatoka kijibomba. Mama alinitazama, akaitazama ile sehemu, akasema, "Kwa hiyo ule haukuwa mchezo."

Haukuwa. Na sungura jike hangoji siku maalumu za joto kama wanyama wengi. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakochochea mayai kutoka, kama saa kumi baadaye. Mimba huchukua takriban siku 31. Tukaanza kuhesabu.

Maamuzi na sababu zake

Baraza la familia lilifanyika ukumbini, nami nikiwa na chai mkononi. Binti alikuwa amefunga shule na alikuja na daftari. Hoja ya baba ilikuwa fupi: sufuria ipo. Binti hakusema neno, alilia tu, na hoja ya sufuria ikafa hapo.

Zilibaki njia tatu. Kumrudisha Kaniki Nzega. Kuwaweka mbalimbali maisha yao yote. Au kumhasi Kaniki na kuwapatanisha polepole. Nilipendekeza ya tatu, lakini niliwaambia wazi kwamba ya pili si aibu. Sungura anayeishi peke yake akiwa na mtu wa kumshughulikia ana maisha mazuri kuliko yule aliyefungiwa na adui.

Kwa nini tusingewaacha dume na jike kama walivyo? Kwa sababu kila mwezi ungeweza kuleta vitoto, na dume asiyehasiwa hamwachi jike apumzike. Ugomvi wao ungekuwa na chanzo kisichokwisha.

Kwa nini hatukumfunga kizazi Pamba? Hili nililifikiria kuliko yote. Kumhasi dume ni kutoa korodani zilizo nje. Kwa jike ni kufungua tumbo, chini ya nusu kaputi ambayo sungura huivumilia kwa shida, na daktari wa mifugo aliyekubali kazi hiyo alisema waziwazi kwamba ana mazoea ya madume tu. Nilijua kwamba majike wasiotolewa kizazi hupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi wakizeeka, na kwamba hasira za Pamba zingeendelea kuja na kwenda. Bado nilichagua hatari iliyo mbali. Mwingine angechagua tofauti na nisingemlaumu.

Wiki za kungoja

Wote wawili walitibiwa ukurutu kwa sindano, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Magamba hatukuyabandua, maana chini yake ni nyama mbichi. Yalianguka yenyewe.

Siku ya 13 nilipapasa tumbo la Pamba. Vitoto vya umri huo huhisika kama zabibu zilizopangana. Sikuhisi kitu. Siku ya 17 binti akanipigia simu, sauti juu: Pamba anajinyofoa manyoya ya kifuani na kujaza kona ya banda kwa nyasi, leo anazaa! Nikamwambia ahesabu tena kwenye daftari lake. Siku 17 si 31. Ile ilikuwa mimba bandia, inayokuja pale jike alipopandwa bila kushika mimba. Mwili wake unaamini, unajenga kiota, na kwa siku chache anakilinda kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza: alimkoromea mama aliyekuwa akimletea matembele. Mkono hukosea, kwa hiyo tuliacha kiota mahali pake mpaka siku ya 33. Hakikutoka kitoto.

Katikati ya Julai Kaniki alihasiwa. Kituko kidogo: mama alimnyima chakula tangu jioni, kama mtu anayepelekwa chumba cha upasuaji. Sungura hawezi kutapika, hivyo hakuna cha kuogopa upande huo. Kinachomuua ni tumbo kusimama. Daktari aliagiza aletewe majani kwanza, akamngoja ale, ndipo akaendelea. Jioni hiyo kipimo chetu cha kupona kilikuwa kinyesi, na saa nne usiku nilitumiwa picha ya vipira sita vya kinyesi kwa furaha ambayo wengine hutumia picha za harusi.

Baada ya kuhasi tulingoja wiki sita. Mbegu zilizokwisha tengenezwa zinaweza kubaki hai wiki nne hadi sita, na homoni nazo hazishuki siku moja.

Kungoja huku hakukuwa kukaa bure. Vizimba viwili viliwekwa ubavu kwa ubavu na nafasi ya upana wa kiganja kati yao. Watu huegemeza nyavu pamoja, na hapo ndipo ncha za pua na vidole hung'atwa. Kila siku ya pili walibadilishana magunia ya kulalia, kisha vizimba vyenyewe. Majani yaliwekwa upande wa karibu, kila mmoja ale akimwona mwenzake. Wiki ya kwanza Pamba aligonga mguu chini usiku kucha, na Kaniki akala akiwa amegeuka. Wiki ya tano daftari, sasa likiwa kwa mama kwa kuwa binti amerudi shule, lina mstari huu: "Wamelala wameelekeana. Hakuna aliyegonga."

Stoo ya jirani

Mwishoni mwa Agosti tulihitaji mahali ambapo Pamba hajawahi kukanyaga. Ua mzima ulikuwa wake, ukumbi ulikuwa wake. Jirani akatupa stoo yake ndogo. Sakafu ya saruji ilikuwa laini, na sungura anayeteleza hupata hofu, hivyo tulitandika magunia yaliyofuliwa. Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Kuelekea Septemba na Oktoba Tabora inachemka, na sungura hatoi jasho. Ikipita nyuzi 30 anaanza kuteseka hata bila adui.

Matembele hatukuyaweka fungu moja. Tuliyatawanya chumba kizima, maana fungu moja lina mlinzi. Mama alikaa na ungo, mimi na ufagio.

Siku ya kwanza, dakika kumi: kila mmoja kona yake, Kaniki anajisafisha uso, Pamba anakula. Mama aliniambia hakuna kilichotokea. Nikamwambia hicho ndicho tulichokijia. Siku ya tatu Kaniki alimpanda. Ingawa amehasiwa, kupanda kwa sungura ni pia kusema nani mkubwa, na kwa nyuma tuliruhusu kwa sekunde chache. Alipojaribu kwa upande wa kichwa tulimwondoa mara moja, kwa sababu pale sehemu zake za siri zinakuwa mbele ya meno ya mwenzake. Siku ya tano Pamba aliinua mkia, masikio yakalala nyuma, mwili ukakaza kama upinde. Ungo ukaingia kabla hajaruka. Siku ya saba alimsogelea Kaniki, akainamisha kichwa mpaka chini, akangoja. Kaniki hakuelewa, akaendelea kutafuna. Siku ya nane akaelewa, akamlamba paji la uso. Mama alinishika mkono.

Kosa langu

Kosa lililofuata ni langu. Baada ya siku ile ya kulambana nilisema wanaweza kuhamia pamoja banda la zamani. Tulilisugua kwa maji na sabuni, tukalianika juani siku nzima. Lilinukia vizuri, kwetu.

Pamba alipoingia alinusa kona ya kiota chake, akageuka, na jirani mwema wa stooni akawa tena mwizi aliyeingia chumbani. Banda lilikuwa na mlango mmoja mwembamba na Kaniki alikimbilia kona isiyo na njia. Tuliwatenganisha ndani ya sekunde, lakini alipata jeraha jipya mgongoni, na uaminifu wote tuliokuwa tumeujenga ukapotea. Mkojo wa mwaka mzima ulikuwa umeingia ndani ya mbao. Sabuni haikufika huko. Nami nililijua hilo, ila nilichoka kuamka alfajiri. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Banda jipya, na hali ilivyo

Tulirudi nyuma, vizimba ubavu kwa ubavu kwa wiki mbili. Wakati huo fundi seremala aling'oa sakafu na mbao za chini, akatia mpya, na zilizobaki zikasuguliwa kwa siki kali mara mbili. Banda lilihamishwa upande wa pili wa ua na kuongezwa urefu. Kila kitu ndani kiliwekwa kiwili: vyombo viwili vya maji, sehemu mbili za majani, maboksi mawili ya kujificha, na kila boksi likakatwa matundu mawili. Mahali penye mlango mmoja ni mtego. Mchana chupa za maji yaliyogandishwa zililazwa pembeni yao, na walizoea kuziegemea.

Walirudi stooni siku nne tu, kisha wakaingia banda jipya asubuhi ya siku ambayo mama hakuwa na safari. Alikaa nao mpaka usiku. Walikimbizana mara tatu, bila damu. Wiki ya kwanza ya Oktoba walilala wamegusana.

Sasa wanaishi pamoja, si kama katika picha za kalenda. Kila baada ya muda Pamba hunyofoa manyoya na kujenga kiota cha bure, na hapo wavu hurudishwa kati yao siku mbili tatu. Kuna mzizi mmoja wa mwembe ambao Kaniki hajaruhusiwa kuukalia hadi leo. Naye haukalii.

Uchambuzi

Nianze na jina. Kiswahili kinawaita wote sungura, yule wa porini anayetimka mbele ya taa za gari njia ya Sikonge na huyu wa bandani. Ni wanyama wawili. Wa porini huishi peke yake, hachimbi shimo, na vitoto vyake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Wa bandani ametokana na sungura wa Ulaya, asili yake upande wa Hispania na Ureno, anayeishi kwa makundi ndani ya mashimo, vitoto vyake vikizaliwa uchi na vipofu. Katika hadithi zetu Sungura humcheza shere Fisi na Simba, lakini sikumbuki hadithi yenye Sungura wawili, na nadhani wazee walimtazama vizuri yule wa porini. Kwa hiyo mama hakukosea kudhani Pamba anahitaji mwenzake. Alikosea kudhani kwamba mnyama wa kundi humpokea yeyote. Katika mashimo yao majike hugombea mahali pa kuzalia kwa meno, na kundi lina wakubwa na wadogo. Pamba alifanya kile ambacho jike yeyote mwenye shimo hufanya.

Hapo ndipo neno "watazoeana tu" linapoharibu. Kuku wakigombana yule mnyonge hukimbia upande wa pili wa ua, na kesho mambo yametulia. Sungura wawili ndani ya banda la mita moja hawana upande wa pili. Kila pambano linakwisha vibaya, na kila mmoja anakumbuka.

Kilichofaa zaidi kwa maoni yangu ni mahali. Stoo ya jirani ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote, na banda la zamani lilibomoa kazi hiyo kwa dakika moja, ingawa sungura walikuwa wale wale. Kuhasi kulisaidia bila shaka, lakini siwezi kuthibitisha ni kiasi gani, maana wiki sita za kungoja zilikuwa pia wiki sita za kubadilishana magunia. Ningefanya vyote viwili tena.

Daftari nalo lilifaa kwa namna nisiyoitarajia. Bila hesabu ya binti, kile kiota cha siku ya 17 kingetufanya tuamini Pamba anazaa, na bila mistari ya mama nisingejua ni lini walianza kulala wameelekeana. Kumbukumbu ya kichwani huandika siku za damu tu.

Yaliyoharibika ni mengi, na mengi yalikuwa rahisi kuyazuia. Kumgeuza Kaniki chali kule Nzega kungechukua nusu dakika. Boksi lake lingewekwa chumba kingine wiki tatu. Banda lingejengwa upya kabla, si baada. Na ningewaacha stooni wiki nzima zaidi baada ya kulambana mara moja, badala ya kuchukua ulimi mmoja kama mkataba.

Jambo moja limebaki wazi, nalo ni Pamba mwenyewe. Kila kiota cha bure kinanikumbusha upasuaji ambao hatukuufanya. Nimemwomba mama amtazame kama anatoa damu kwenye mkojo, na nimemtafuta daktari mwenye mazoea na majike, ila anaishi mbali na safari ya sungura kwa basi nimeshaiona matokeo yake.

Desemba binti alipofunga shule alikuja kunisalimia na daftari lake. Amejaza kurasa zote. Akaniuliza kama anaweza kuleta wa tatu, rafiki yake ana jike dogo la kijivu. Nikamwuliza nani amesema ni jike.